Kabla Hamjamleta Kocha Mzito kutoka England: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kunyanyua Vyuma

Kwa viongozi wa vyama vya kunyanyua vyuma vya Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na wakurugenzi wa michezo katika wizara zenu.

Waheshimiwa,

Kila Michezo ya Jumuiya ya Madola inapokaribia, hoja hurudi mezani: tutafute kocha wa nje, ikiwezekana Mwingereza, na ikiwezekana zaidi awe mmoja wa wale wazito waliowahi kubeba kilo za kutisha. Hoja yenyewe hatuipingi. England ina watu wa aina hiyo, na wamo makocha wazuri kwelikweli. Wasiwasi wetu ni namna ya kumchagua. Medali huonekana kwa macho, na mwili mkubwa vilevile. Ukocha hauonekani hivyo, kwa hiyo ni rahisi kusahau kuusaili. Barua hii inahusu ile miaka iliyo kati ya siku mnyanyuaji mzito anaposhusha chuma chake cha mwisho mashindanoni na siku anapokabidhiwa watoto wa watu awafundishe. Humo ndimo kocha anamopikwa, na ndimo tunamotaka mmuulize alikuwa anafanya nini.

Tuanze Derby. Louis Martin alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1936, akahamia Uingereza na kufanya makazi yake Derby. Daraja lake lilikuwa kilo 90, ngazi moja tu chini ya wazito wasio na kikomo, maana wakati ule kila aliyezidi kilo 90 aliingizwa kundi moja. Mwaka 1959 mjini Warsaw alimshinda Arkady Vorobyov wa Umoja wa Kisovieti na kuwa bingwa wa dunia. Akautwaa tena ubingwa huo 1962, 1963 na 1965. Kwenye Olimpiki alipata shaba Roma 1960 kwa jumla ya kilo 445, na fedha Tokyo 1964 kwa kilo 475. Msizilinganishe namba hizo na za leo: enzi zile mitindo ilikuwa mitatu, ikiwemo presi (kukisukuma chuma kutoka mabegani hadi juu kwa mikono pekee), na presi ilifutwa baada ya Munich 1972. Kwa upande wa Madola alitwaa dhahabu mara tatu mfululizo, Perth 1962, Kingston 1966 na Edinburgh 1970. Ile ya Kingston aliishinda akiwa na jezi ya England katika mji aliozaliwa.

Sasa mtazameni yule aliyeshindwa Warsaw. Vorobyov alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1956 na 1960, na alisomea udaktari. Alipoacha kushindana, nchi yake haikumwacha aende zake. Alifanywa kocha mkuu wa timu ya taifa, kisha akaongoza chuo cha michezo cha Malakhovka, nje ya Moscow, ambako mazoezi ya wanyanyuaji yalipimwa, yakaandikwa na kufundishwa kwa makocha wapya. David Rigert, bingwa wa Olimpiki wa 1976 katika daraja hilohilo la kilo 90, naye aligeuka kocha na baadaye akaiongoza timu ya taifa ya Urusi. Kwa wenzetu wale, bingwa mzito alikuwa malighafi ya ukocha, na kiwanda cha kumgeuza kilikuwepo.

Uingereza ilikuwa na kocha wa taifa, Mskoti Al Murray, na ilikuwa na utaratibu wa vyeti. Lakini klabu za kawaida zilitegemea watu waliofundisha jioni baada ya kutoka kazini, bila malipo. Shaba ya David Mercer ya Los Angeles 1984, nayo ya kilo 90, katika michezo iliyosusiwa na Wasovieti na Wabulgaria, ndiyo medali ya mwisho ya Olimpiki ambayo mwanamume wa Uingereza ameipata katika kunyanyua vyuma. Ilipita miaka 37 kabla Uingereza haijapanda tena jukwaa la washindi, na safari hiyo alikuwa mwanamke, Emily Campbell. Hatusemi ukocha ndio sababu pekee. Fedha, dawa za kusisimua misuli katika nchi nyingine na mambo mengi yamo. Ila pengo la miaka 37 katika nchi yenye watu wazito, jimu za kutosha na historia inayoanzia Launceston Elliot, Athens 1896, ni jambo la kutafakari kabla ya kudhani kwamba pasipoti ya Uingereza ni cheti cha ukocha. (Elliot mwenyewe, baada ya dhahabu yake, alikwenda kuonyesha nguvu kwenye majukwaa ya burudani. Wazito wengi wa zamani walipita njia hiyo, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na ujira.)

Campbell ni mzaliwa wa Nottingham aliyeanzia kwenye kurusha tufe na kuingia kwenye vyuma akiwa mtu mzima. Amefundishwa na Dave Sawyer na Cyril Martin, na mazoezi yake yamekuwa Alfreton, katika mkoa uleule wa Derbyshire. Desemba 2016 UK Sport, taasisi inayogawa fedha za michezo ya ushindani nchini humo, ilitangaza kuunyima mchezo huu fedha kwa mzunguko wa Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021. Fedha zilipokauka, makocha walibaki. Na tazameni walichokifanya Tokyo, kwa sababu ndani yake mna somo zima la kazi hii.

Daraja lilikuwa la zaidi ya kilo 87. Baada ya snachi, yaani kukipandisha chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, Campbell alikuwa na kilo 122 na Sarah Robles wa Marekani 128, tofauti ya kilo sita. Katika klini na jeki, ambapo chuma hupandishwa kwanza mabegani kisha juu ya kichwa, Robles aliishia 154, jumla 282. Campbell akibeba 160 jumla yake ni 282, sawa na Robles. Lakini kanuni za sasa zinasema wakilingana jumla, anatangulia aliyeifikia kwanza, na kwa kuwa chuma huitwa kuanzia chepesi kwenda kizito, wa 154 ni lazima awe amemtangulia wa 160. Kwa hiyo 160 ni shaba. Aliomba 161, akaibeba, jumla 283, na medali ikawa fedha nyuma ya Li Wenwen wa China. Kilo moja. Mnyanyuaji alitoa nguvu, lakini hesabu hiyo hufanyika nyuma ya pazia, na anayeifanya ni kocha mwenye karatasi mkononi. Paris 2024 alirudi na 126 na 162, jumla 288, akapata shaba.

Sasa tuingie kwenye mtu mnayetaka kumwajiri.

Mnyanyuaji wa uzito wa juu kabisa ameishi ndani ya mwili usiofanana na miili ya wengi mtakaompa. Vijana wetu wengi ni wa kilo 55 hadi 80. Yeye alikuwa na kilo 120, 130, pengine zaidi. Tofauti hiyo inagusa ufundi wenyewe. Mtu mwenye tumbo kubwa hawezi kuanza na nyonga chini na chuma karibu na muundi kama kijana mwembamba. Huanza na nyonga juu kidogo, miguu ikiwa imepanuka, na chuma hukizunguka kiwiliwili kwa njia pana zaidi. Akidaka snachi, mara nyingi hadaki chini kabisa, kwa sababu nguvu za kuvuta juu anazo, ila wepesi wa nyonga na vifundo hana wa kutosha. Yote hayo kwake ni sahihi. Akimfundisha msichana wa kilo 53 adake juu hivyo, amemnyima kilo nyingi, maana mwepesi hupata ushindi kwa kuzama haraka chini ya chuma kilichopanda kidogo tu.

Jambo la pili ni mnepo wa chuma. Chuma cha wanaume kina kilo 20, urefu wa mita 2.2 na unene wa milimita 28 pale kinaposhikwa. Cha wanawake kina kilo 15, mita 2.01 na milimita 25. Kikipakiwa kilo 180 au 200, chuma kizuri hunepa: mnyanyuaji anapojishusha kwa jeki, ncha hubaki nyuma kidogo, kisha hurudi juu kwa kasi, na mzito mwenye uzoefu hungojea mrudisho huo ndipo asukume. Anayengojea hivyo akiwa na kilo 50 mabegani hangojei kitu, kwa sababu chuma hicho hakinepi vya kutosha. Anatua chini, anasimama kidogo, miguu inapoteza mshtuo wake, na mikono inalazimika kumalizia. Mikono ikimalizia, mwamuzi anawasha taa nyekundu. Ukiona kikundi kizima cha vijana kinatuatua kwenye jeki, uliza nani aliwafundisha na alikuwa wa daraja gani. Kwa anayeanza, kujishusha kuwe takribani sehemu ya kumi ya urefu wake, wima, kisigino chini, na kurudi juu papo hapo.

La tatu, na hili ndilo linaloumiza kuliko yote, ni kupunguza uzito. Daraja la juu kabisa halina kikomo. Mtu aliyeshindana humo miaka kumi hakuwahi hata mara moja kulala njaa kwa ajili ya mizani. Haujui mwili wa kilo 62 unaotafuta kilo 60. Kupima huanza saa mbili kabla ya shindano na hudumu saa moja, kwa hiyo muda wa kunywa na kula kabla ya jaribio la kwanza ni mfupi. Kama siku ya mwisho kinachotakiwa kutoka ni asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa 60, jambo hilo linawezekana bila madhara makubwa. Zaidi ya hapo kilitakiwa kitoke wiki kadhaa kabla, kwa chakula, si kwa jasho. Kocha asiyejua atamvisha kijana makoti na kumkimbiza usiku kucha. Kijana atafaulu mizani, atabeba snachi vizuri kidogo, kisha misuli ya mapaja itakaza katikati ya klini, maana klini na jeki ndiyo ya mwisho na ndiyo inayodai maji na chumvi. Tena madaraja yenyewe yamebadilishwa mwaka 2018 na tena 2025. Kila yanapobadilika kocha hukaa na kila mnyanyuaji na kuamua upya apande au ashuke. Mwulizeni mgeni wenu amewahi kufanya uamuzi huo kwa watu wangapi, na matokeo yalikuwaje.

Kuna na jambo la mapumziko, tulitaje kwa ufupi. Mzito huhitaji dakika tatu hadi tano kati ya seti nzito, na siku nzito chache kwa wiki. Mwepesi hupona upesi na anaweza kurudia mara nyingi zaidi. Ratiba ya kocha ikiwa ni ile aliyokuwa akiifuata yeye, vijana watakaa sana kwenye benchi.

Tusionekane tunawadharau wazito. Wanacho ambacho wengine hawana. Mtu aliyesimama chini ya kilo 200 anajua hofu, na anajua jinsi hofu inavyobadilisha ufundi: jinsi mvuto wa kwanza unavyoharakishwa, jinsi macho yanavyoshuka. Anajua kutunza mgongo na magoti, kwa sababu yake yamemuuma. Anajua kwamba hakuna anayeongeza nguvu za kweli kwa miezi mitatu. Na chumba cha kupashia mwili anapoingia, wapinzani humheshimu. Hilo si jambo dogo kwa timu changa. Lakini yote hayo hugeuka ukocha pale tu alipokaa miaka akisahihishwa na kocha mwingine.

Kwa hiyo swali letu: alikaa wapi? Nchini kwao, British Weight Lifting, chama cha kunyanyua vyuma cha Uingereza, hutoa cheti cha ngazi ya kwanza, ambacho humruhusu mtu kumsaidia kocha, na cha ngazi ya pili, ambacho humruhusu kufundisha peke yake. Atakayekuja na cha kwanza pekee, mjue mmeajiri msaidizi. Anayefundisha watoto huko hukaguliwa rekodi ya jinai kupitia utaratibu wa DBS. Ombeni hati hiyo, na msione aibu, kwa sababu klabu ya kwao ingeiomba. Ombeni pia uthibitisho wa mafunzo ya kupinga dawa haramu. Hapa tahadhari kubwa: kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, zinamzuia mnyanyuaji kufanya kazi na kocha anayetumikia adhabu ya dawa. Anayeendelea naye huku akijua adhabu hiyo anaweza kufungiwa yeye mwenyewe. Kabla ya kusaini chochote, jina lipelekwe kwa shirika lenu la taifa la kupambana na dawa michezoni, na jibu lihifadhiwe kwa maandishi. Kutajwa kwamba mtu "alikuwa bingwa" hakuwezi kumlinda kijana wenu mbele ya jopo.

Karatasi zikikamilika, mpeni mtihani wa sakafuni. Siku moja inatosha, ila isiwe siku ya mahojiano ofisini.

Asubuhi mpeni vijana watatu wasiomjua, mmoja akiwa na kosa la kuangusha snachi mbele. Kocha dhaifu atapiga kelele, "Vuta nyuma!" Huyo anatibu mahali kosa linapoonekana. Kocha aliyeiva atasimama pembeni, usawa wa pembe kati ya mbele na ubavu, atatazama majaribio mawili bila kusema, kisha ataangalia chini: uzito uko kwenye vidole au katikati ya mguu? Nyonga zimepanda kabla ya mabega? Mikono imekunjwa kabla ya chuma kupita mapaja? Mara nyingi chuma kinachoangukia mbele kilishaharibika kabla hakijafika gotini. Atapunguza hadi asilimia 60 au 70, ataagiza kuvuta kwa kusimama sekunde mbili usawa wa goti kisha kumalizia, seti tano za mara mbili, na atatoa agizo moja tu kwa wakati. Akitoa maagizo manne kwa pumzi moja, kijana hatakumbuka hata moja. Simu ikitumika kurekodi, iwekwe ubavuni, usawa wa nyonga, mita tatu au nne kutoka jukwaani. Picha ya kutoka mbele ni ya mitandao ya kijamii, haimsaidii kocha.

Mwonyesheni pia daftari la mazoezi la mnyanyuaji mmoja, bila jina. Iwe ni mtu mwenye skwati (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani) ya kilo 200 lakini klini na jeki ya 130. Kwa kawaida klini na jeki huwa karibu asilimia 80 ya skwati, na snachi karibu asilimia 80 ya klini na jeki. Huyo basi miguu anayo, tatizo liko kwenye ufundi au kasi. Mzito wa zamani mwenye mazoea ataagiza skwati zaidi, kwa sababu skwati ndiyo iliyomfikisha alikofika. Mwenye ukocha ataondoa skwati kiasi na kuuliza anakidakaje chuma. Campbell mwenyewe, kwa 122 na 161 za Tokyo, snachi yake ilikuwa karibu asilimia 76 ya klini na jeki. Uwiano si sheria, ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Alasiri ndiyo mtihani wenyewe. Mpeni karatasi ya kundi la wanyanyuaji kumi, majaribio yao ya kwanza yakiwa yameandikwa, na mnyanyuaji wenu anaanza na snachi ya kilo 100. Mwulizeni anapasha mwili vipi na saa ngapi. Jibu zuri linakwenda hivi. Kwanza anahesabu majaribio yatakayofanyika kabla ya 100, akikadiria kwamba wanaoanza chini sana watatumia mawili au yote matatu kabla ya kuufikia uzito huo. Tuseme ni tisa. Kila jaribio linakula dakika moja hivi, kwa maana mnyanyuaji hupewa dakika moja, au mbili akijifuata mwenyewe. Kanuni ya kazi ni kubeba mara moja nyuma kwa kila majaribio matatu ya mbele. Basi 94 inabebwa yakiwa yamebaki matatu, 88 yakibaki sita, na 80 pale saa ya wa kwanza inapoanza. Chuma kitupu, 40, 60 na 70 viwe vimekwisha kabla, na akumbuke kwamba wanyanyuaji hutolewa kutambulishwa kwa watazamaji, jambo linalokata upashaji katikati. Anayesahau utambulisho hujikuta na dakika chache na nusu ya kazi.

Kisha mvurugeni. Mwambieni wapinzani wawili wameongeza uzito wao na sasa mbele yake limebaki jaribio moja, na 94 haijabebwa. Kocha aliyepikwa hatakurupuka. Kila jaribio linaruhusiwa kubadilishwa uzito mara mbili, na mabadiliko yanapokelewa kabla sekunde 30 za mwisho hazijaingia. Ataongeza kilo moja, 101, ili mwenye 100 atangulie, na hapo 94 inapata nafasi. Akihitaji tena ana badiliko moja limebaki. Lakini akiyatumia yote kununua muda, hana tena la kujitetea mpinzani wa kweli atakapomchezea. Na kinyume chake: kusubiri kukizidi majaribio matano au sita, mwili umepoa, na 88 inarudiwa. Karatasi hiyo ndiyo iliyozaa kilo 161 za Tokyo. Mtu asiyeweza kuijibu, hata kama aliwahi kubeba kilo 230, timu yake itaingia jukwaani baridi.

Muulizeni pia jaribio la kwanza analichaguaje. Makosa matatu ya snachi yanafuta jumla, na safari nzima ya ndege imekwisha. Jaribio la kwanza liwe uzito ambao mazoezini haumkatai hata siku mbaya. Vilevile jumla ya majaribio mawili ya kwanza, moja la snachi na moja la klini na jeki, haiwezi kuwa zaidi ya kilo 20 chini ya jumla iliyoandikishwa mapema. Viongozi wanaoandikisha jumla kubwa ili ionekane nzuri kwenye orodha humfunga kamba kocha na mnyanyuaji. Hilo ni lenu, waheshimiwa, si la mgeni.

Mkishampata anayefaa, msimlete kwenye vifaa vitakavyomshinda. Chuma cha jimu ya kawaida, ambacho mikono yake ya sahani haizunguki, huvunja vifundo vya mikono kwenye klini, kwa sababu sahani zinaendelea kuzunguka na kukivuta chuma chote. Sahani ndogo za chuma tupu hukilaza chuma chini mno; sahani rasmi zina kipenyo cha milimita 450, na mtoto anayeanza anahitaji za kipenyo hichohicho zilizo nyepesi, ili ajifunze kuanzia kimo sahihi. Jukwaa ni mita 4 kwa 4. Chuma cha kilo 15 kwa wasichana si anasa: milimita tatu za unene huamua kama kiganja kidogo kitaweza kufunga kidole gumba chini ya vidole vingine au hapana. Kwa wiki za mwanzo kijiti cha mita mbili kinatosha, na bomba la plastiki linafaa.

Katika mkataba, tunaomba mambo yafuatayo yaandikwe. Muda usipungue miezi 12, kwa sababu kocha wa miezi miwili kabla ya mashindano hawezi kubadilisha ufundi, ataweza tu kuuharibu. Daftari zote za mazoezi ziwe mali ya chama. Na kila siku ya kazi awe na makocha wawili wa hapa nyumbani pembeni yake, angalau mmoja akiwa mnyanyuaji wa daraja la wazito anayekaribia kustaafu. Huyo asiwe mbeba sahani. Miezi mitatu ya kwanza atazame na kuandika. Inayofuata afundishe wanaoanza, mgeni akimsahihisha jioni. Baada ya hapo ashike karatasi ya chumba cha kupashia mwili kwenye mashindano madogo, ambako kukosea hakumgharimu mtu medali. Kabla mkataba haujaisha, awe ameongoza angalau shindano moja la taifa peke yake, mgeni akiwa ameketi kwa watazamaji.

Na afya ya huyo mzito wetu itunzwe wakati anavuka. Mtu wa kilo 130 aliyezoea kula kwa ajili ya mazoezi ya siku sita hubaki na hamu ileile ya chakula mazoezi yanapokwisha. Apimwe shinikizo la damu kila mwezi na sukari mara kwa mara, na mkewe au mumewe aulizwe kama anakoroma hadi pumzi inakatika usingizini, kwa kuwa hiyo ni dalili ya kumpeleka hospitali. Asiache vyuma ghafla. Siku tatu kwa wiki kwa uzito wa wastani zinatosha, pamoja na kutembea au baiskeli. Asikimbizwe barabarani kwa jina la kupunguza mwili, magoti hayo yamekwisha kazi yake.

Posho yake iandikwe kwenye bajeti ya mwaka, wala si ya mashindano. Ya mashindano huisha ndege inapotua.

Tunaomba vigezo mtakavyotumia kumchagua kocha vitangazwe hadharani kabla jina lolote halijatajwa, na mtihani wa sakafuni ufanywe mbele ya makocha wa klabu. Tuko tayari kuwaandalia karatasi ya wanyanyuaji kumi na orodha ya maswali, bila malipo.

Ni sisi,
Wanyanyuaji, makocha na waamuzi wa kunyanyua vyuma